Kamera naijua, jicho bado: nisome kitabu gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa nne na kamera. Kupima mwanga hakunisumbui tena, fokasi inakaa pale ninapoitaka, na watu husema picha zangu ni safi. Lakini juzi nilizipanga picha 300 za mwaka mzima kwenye skrini, nikaona kama nimepiga picha moja mara 300. Nimesoma vitabu vitatu vya mbinu za upigaji picha na vyote vinaimba wimbo uleule. Je, kipo kitabu kitakachonisaidia kuona kwa ubunifu zaidi?

Jibu: Marahaba. Kipo, tena si kimoja, ila cha kwanza nitakachokutajia si cha upigaji picha. Ni cha kuchora kwa penseli. Nivumilie kidogo nieleze nilivyofika huko.

Unakijua kitendawili cha nyumba isiyo na mlango. Jibu ni yai, na tumelijua tangu utotoni hadi halitushtui tena. Lakini mfikirie aliyekitega mara ya kwanza. Alishika yai kama wanavyolishika wengine wote, akaligeuza, akatafuta pa kuingilia asipaone. Wenzake waliona yai. Yeye aliona ukuta mmoja usio na ufa, unaojizunguka wenyewe. Alichelewa kulipa jina, basi. Ugonjwa wako, kwa maelezo uliyotoa, ni wa kuwahi jina. Unatembea, akili inasema "mzee", inasema "machweo", inasema "mlango wa kale", mkono unainuka, unapiga. Ulichopiga ni picha ya neno. Na maneno yanayotujia haraka ni machache, ndiyo maana picha zako 300 zinafanana kama mapacha.

Vitabu vya mbinu haviutibu ugonjwa huo. Sisemi hivyo kwa kuvidharau. Kanuni ya theluthi (kuigawa fremu mara tatu na kuweka kitu kwenye mistari ya mgawanyo), mistari inayoongoza jicho, fremu ndani ya fremu, yote hayo humtoa anayeanza kwenye tabia ya kuweka kila kitu katikati. Lakini yanakuelekeza pa kukiweka kitu baada ya wewe kuwa umeshakiona. Kama ulichokiona ni "machweo", kanuni ya theluthi itakupa machweo yaliyosogezwa kando. Ukitaka bado kimoja cha aina hiyo, chukua "Learning to See Creatively" cha Bryan Peterson, kilichotoka mara ya kwanza 1988. Ubora wake ni kwamba kinakuzoeza kutafuta mstari, umbo, rangi, mrudio wa vitu na uso wa kitu ulivyo, laini au wa kukwaruza, kabla hujajiuliza kitu chenyewe ni nini. Hapo tayari jina linacheleweshwa.

Sasa hicho cha penseli. Kinaitwa "Drawing on the Right Side of the Brain", kimeandikwa na Betty Edwards, mwalimu wa sanaa wa Marekani, na kilitoka 1979. Zoezi lake linalojulikana zaidi ni hili: anakupa mchoro wa mistari ambao Picasso alimchora mtunzi wa muziki Igor Stravinsky akiwa ameketi kitini, anakutaka uupindue juu chini, kisha uunakili ukiwa umepinduka vivyo hivyo, mstari kwa mstari, bila kuugeuza mpaka umalize. Nililifanya wakati ambapo nilikuwa sijawahi kuchora kikombe kikafanana na kikombe. Nilipofika kwenye mikono iliyofumbatana sikujua kwamba ni mikono. Niliona mstari unapinda, mwingine unaufuata, na pengo jembamba kati yao, nikalinakili pengo. Nilipokuja kuugeuza mchoro wangu, bwana yule alikuwa na mikono mizuri kuliko uso. Usoni nilikuwa nimegundua katikati ya safari kwamba "hili ni jicho", nikaliacha jicho lililokuwa karatasini nikachora lile ninalolijua mimi. Makosa yote ya mchoro ule yalianzia pale nilipojua nachora nini.

Maelezo ya Edwards kuhusu nusu mbili za ubongo usiyashike sana, maana sayansi ya ubongo ya leo haigawi kazi kirahisi namna ile. Zoezi lenyewe linafanya kazi hata ukiiruka nadharia.

Waliotumia kamera kubwa za filamu ya karatasi moja moja walipata zoezi hili bure. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera zile, taswira hutokea imepinduka, juu chini na kushoto kulia. Ukiingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi huoni mtu amesimama. Unaona uzito mweusi unaning'inia kutoka ukingo wa juu, na unaanza kujiuliza kama unaning'inia vizuri. Wewe unaweza kuzipindua picha kwenye skrini. Zichukue zile 300, zipindue zote, uzipitie upya. Nadhani utakuta kumi au kumi na tano ambazo bado zinashika jicho zikiwa zimesimama kwa kichwa. Ziweke kando. Huenda zisiwe zile ulizokuwa ukizipenda.

Sura nyingine ya Edwards ya kusoma mara mbili ni ya nafasi tupu. Anakuambia usichore kiti, chora matundu yake: ule mstatili ulio kati ya miguu, ile pembetatu kati ya mkono wa kiti na kikalio. Ukiyapata matundu, kiti kinajitokeza chenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akipiga picha za watu wawili wakizungumza, na kila mara zilitoka zimepooza. Nilimwambia awasahau watu, aitazame ile nafasi iliyobaki kati ya nyuso zao kana kwamba yenyewe ndiyo kitu. Akasogea nusu hatua kushoto. Pengo likaacha kuwa kipande cha ukuta kisicho na umbo, likawa kama mtungi wenye shingo nyembamba, na wale watu wakaonekana ama wanapeana siri ama wamekosana, hujui lipi. Lenzi haikubadilishwa, mwanga haukubadilika, wala wao hawakujua kilichotokea.

Dawa ya pili anayo Georges Perec, mwandishi Mfaransa. Oktoba 1974 alikwenda kwenye uwanja wa Saint-Sulpice jijini Paris, akakaa siku tatu akihama kutoka mkahawa hadi mkahawa, akawa anaandika kila kinachopita: mabasi na namba zake, watu na mizigo yao, magari, njiwa wanaoruka wote kwa pamoja na kurudi walikotoka. Kanisa na majengo makubwa ya pale hakuyashughulikia sana kwa kuwa yamekwisha kuandikwa na wengine. Alitaka yale yanayotokea wakati hakuna linalotokea. Kwa Kifaransa kitabu kinaitwa "Tentative d'épuisement d'un lieu parisien", na kipo kwa Kiingereza pia. Ni chembamba, unakimaliza jioni moja. Nikuambie ukweli, kinachosha, na sehemu ya faida yake iko hapo hapo kwenye kuchosha.

Ukikimaliza, nenda ukaketi saa nzima mahali unapopita kila siku, kamera ikiwa ndani ya mkoba, na uandike. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilichagua ngazi za jengo nililokuwa nikifanyia kazi. Dakika kumi za mwanzo niliandika mambo ya bure: mwanamke, mkoba, viatu. Dakika ya 20 nilitamani kuondoka. Karibu dakika ya 35 nikaona kwamba kila anayeshuka hushika reli ya chuma mahali pamoja, pale ngazi inapokata kona, na kwamba pale rangi ya kijani imelika hadi chuma kinang'aa, eneo la upana wa kiganja. Nilikuwa nimepita hapo miaka miwili. Nimeipiga picha reli ile mara nyingi kuliko nilivyopiga mlima wowote, asubuhi na jioni, ikiwa na mkono na ikiwa haina, na bado sijaimaliza.

Perec akiwa mkavu mno kwako, kuna "On Looking" cha Alexandra Horowitz, cha 2013, ambacho ni chepesi kusoma. Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, anafanya matembezi ya kawaida ya mitaani, ila kila mara anaandamana na mwenye jicho la namna nyingine: mwanajiolojia, mjuzi wa maumbo ya herufi, mtoto wake mdogo, hata mwanamke asiyeona. Sura hiyo ya asiyeona ndiyo ningeanza nayo.

Nije kwenye mwanga, ambako nitakaa kidogo, maana wengi wenye kamera nzuri hujiharibia hapa.

Mwaka 1933 mwandishi wa Japani, Junichiro Tanizaki, alitoa insha ndefu ambayo kwa Kiingereza huitwa "In Praise of Shadows", yaani sifa za vivuli. Analalamika kwamba taa za umeme zimefukuza giza lililokuwa ndani ya nyumba za zamani, na pamoja na giza hilo vimeondoka vitu vilivyohitaji giza ili vionekane. Mfano wake ninaoupenda ni wa vyombo vilivyopakwa laka nyeusi, utomvu mgumu unaong'aa, na kunakshiwa kwa dhahabu. Viweke chini ya taa kali, vinaonekana vya kujishaua. Lakini havikutengenezewa taa kali. Vilitengenezewa mwali wa mshumaa unaotikisika, ambapo dhahabu haijitoi yote kwa pamoja: kipande kimeta hapa na kuzima, kingine kishike pale, na sehemu kubwa ibaki gizani. Aliyeinakshi alijua wazi kwamba nusu ya kazi yake haitaonekana kwa wakati mmoja.

Linganisha na tunachofanya sisi. Programu za kuhariri picha zimetupa kitelezi cha kunyanyua vivuli, nasi tunakivuta kila mara, kana kwamba giza ni kosa ambalo mtu ataulizwa. Matokeo yake kila pembe ya picha inasema kwa sauti ileile.

Siku hiyohiyo uliyosoma Tanizaki, tafuta "The Sweet Flypaper of Life" cha 1955. Ni kitabu kidogo cha mpiga picha Roy DeCarava na mshairi Langston Hughes. Picha ni za maisha ya Harlem, New York, na Hughes alizitungia simulizi kwa sauti ya bibi mmoja anayesimulia habari za wajukuu na majirani. DeCarava alianzia kwenye uchoraji, na mwaka 1952 alikuwa mpiga picha wa kwanza Mmarekani Mweusi kupewa ufadhili wa Guggenheim, fedha za taasisi ya Marekani za kuwasaidia wasanii na watafiti. Tazama anavyochapa. Hana haraka ya kufika kwenye nyeupe. Ngozi nyeusi katika chumba chenye mwanga hafifu inabaki nyeusi, na ndani ya weusi huo, ukivumilia kama unavyovumilia unapoingia ndani kutoka juani, ngazi za kijivu zinaanza kutokea moja moja: ukingo wa shavu, unyevu wa jicho, mkunjo wa shati begani. Hakuna aliyeokolewa kutoka gizani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepotea humo.

Hapa kuna jambo la kiufundi litakalokusaidia. Mita ya kamera imeundwa ikitaka kuleta kila inachokiona kwenye kijivu cha katikati. Ukiingia chumba chenye giza na kuiachia ijiamulie, itakipandisha chumba kizima hadi kifanane na mchana wa mawingu, kisha utadhani ulikosea mahali ulipokuwa umeona vizuri. Punguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga), hata mbili, na kitelezi kile usikiguse kwa mwezi mzima. Na picha za DeCarava usizitazame kwenye simu, zinakufa. Zinataka karatasi.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Msanii Josef Albers, aliyefundisha Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, na baadaye Chuo Kikuu cha Yale, alitoa "Interaction of Color" mwaka 1963, na hoja yake inajaribika mezani kwako. Kata vipande viwili vidogo vya karatasi moja ya kijivu, weka kimoja juu ya karatasi nyeusi na kingine juu ya nyeupe. Utaapa kwamba si karatasi moja. Kile kilicho juu ya nyeusi kinaonekana cheupe zaidi, na hata ukijua ukweli jicho halikubali. Rangi haiko peke yake kamwe, jirani yake ndiye anayeitengeneza. Baada ya hapo fungua "Early Color" cha Saul Leiter uone mtu anayelijua hilo mkononi. Leiter, mpiga picha wa New York, alikuwa mchoraji pia, na kitabu hicho kilipotoka 2006 alikuwa ameshavuka miaka 80, ingawa picha nyingi ni za miaka ya 1950. Kioo chenye ukungu, theluji, sehemu kubwa ya fremu imezibwa na kitu cheusi kisichoeleweka, na mahali fulani mwavuli mwekundu. Mwekundu ule ungekuwa wa kawaida tu kama asingeuzungushia upoozo wote huo.

Vipo vitabu vinavyozungumzia picha zenyewe, na hapa lazima nikuonye kuhusu majina. Kuna "The Photographer's Eye" mbili. Moja ni ya Michael Freeman, ya 2007, inahusu mpangilio wa picha, ni nzuri na iko karibu na vile ulivyokwisha kusoma. Nyingine ni ya John Szarkowski, aliyeongoza idara ya picha katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Ilitoka 1966 kutokana na onyesho la 1964, na hiyo ndiyo ninayokuelekeza. Maneno ni machache, picha ni nyingi, tena nyingine hazijulikani zilipigwa na nani. Amezigawa katika mafungu matano: kitu chenyewe, sehemu ndogo ya kitu, fremu, wakati, na mahali pa kusimama. Fungu la fremu ndilo lililonitikisa. Mchoraji huanza na turubai tupu akaijaza, mpiga picha huanza na dunia iliyojaa akaikata. Ukikata, vitu viwili visivyojuana vinakuwa na uhusiano kwa sababu tu umevifungia ndani ya mipaka minne. Tangu nilipoelewa hivyo nimekuwa nikitazama kingo za fremu kabla ya katikati, na ningetamani mtu aniambie hivyo mwaka wangu wa kwanza. Ukimpenda Szarkowski, "The Nature of Photographs" cha Stephen Shore ni ndugu yake wa karibu, kifupi na kikavu, kwa maana nzuri.

"Ways of Seeing" cha John Berger, cha 1972, kilitokana na vipindi vya televisheni vya BBC. Kina insha saba, na tatu kati yake hazina maneno, ni picha tu zilizopangwa. Kuna ukurasa ninaoufungua kila ninapoanza na kundi jipya. Berger anaweka mchoro wa Van Gogh wa shamba la ngano lenye ndege wanaoruka, anakuomba uutazame kidogo, kisha ufunue. Ukifunua unaukuta mchoro uleule, ila sasa umeandikiwa kwamba huu ndio wa mwisho Van Gogh kuuchora kabla hajajiua. Wanafunzi hunyamaza. Mbingu iliyokuwa ya kawaida tu imekuwa nzito, ndege wamekuwa dalili. Nawaacha dakika moja, halafu nawaambia kwamba wataalamu wa Van Gogh wanasema haukuwa wa mwisho. Sentensi isiyo sahihi imeweza kuugeuza mchoro mzima machoni mwao, na ndivyo jina linavyofanya kazi hata barabarani unapotembea na kamera.

Waandishi Susan Sontag na Roland Barthes utatajiwa na kila mtu. "On Photography" cha Sontag, cha 1977, ni insha sita kali zisizo na picha, na "La Chambre claire" cha Barthes, cha 1980, kimejengwa juu ya picha ya mama yake akiwa msichana mdogo, picha ambayo kitabuni hakuionyesha. Ni vitabu vikubwa. Lakini vinamfaa anayefikiria juu ya picha kuliko anayetafuta ya kupiga kesho asubuhi, na nimeona watu wakivisoma mapema wakaacha kupiga kabisa kwa muda. Viahirishe.

Sasa vitabu vya picha tupu, ambavyo havihitaji lugha yoyote. Nikilazimishwa kubaki na kimoja, nabaki na "The Americans" cha Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi aliyezunguka Marekani kwa ufadhili wa Guggenheim alioupata 1955. Kilitoka Ufaransa 1958 na Marekani mwaka uliofuata. Alipiga zaidi ya fremu 27,000, kitabuni zimo 83. Iweke namba hiyo kando ya picha zako 300 za mwaka, si kwa kujilaumu, ila ujue kwamba sehemu kubwa ya kuona ilifanyika baadaye, mezani, kwa kutupa.

Mpangilio wake usome kama unavyosoma sentensi. Picha ya kwanza ina wanawake wawili kwenye madirisha mawili, na bendera imemfunika mmoja uso. Baada ya hapo bendera zitarudi tena na tena. Mbele huko utakuta gari limefunikwa turubai kati ya minazi miwili, limetulia kama kitu cha thamani. Funua ukurasa. Watu wamesimama kando ya barabara, na mbele yao kuna kitu kimefunikwa blanketi. Ni ajali ya gari. Hakuna maneno yanayokuambia uziunganishe picha hizo mbili. Kitambaa ndicho kinachoziunganisha, yale makunjo, na unapoelewa unakuwa umechelewa kujikinga. Hilo huwezi kulifanya kwa picha moja, hata iwe nzuri kiasi gani.

Mimi hukipitia kitabu cha picha mara tatu. Mara ya kwanza haraka, bila kusoma maelezo. Mara ya pili polepole, kwa swali moja kwenye kila ukurasa: kwa nini hii imefuata ile? Mara ya tatu naitazama picha, naifunika kwa mkono, kisha najaribu kutaja kilichokuwa kwenye pembe zake nne. Mara nyingi nashindwa pembe mbili. Picha nzuri huweka kitu kwenye pembe ambazo wewe huzitazami.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson naye utamkuta kila mahali, na kitabu chake cha 1952 chenye jalada lililotengenezwa na mchoraji Matisse kinastahili sifa zake. Ila jina la Kiingereza, "The Decisive Moment", limewapotosha wengi wakadhani kazi yote ni kubonyeza kwa wakati. Jina la Kifaransa, "Images à la sauvette", linazungumzia picha zinazonyakuliwa haraka, kwa kuibia. Na huyo mnyakuzi alikuwa amesomea uchoraji kwa mchoraji André Lhote. Ukitazama picha zake zikiwa zimepinduka utaelewa kwamba mara nyingi jukwaa lilikuwa tayari, akawa anamngoja mtu apite.

Kwa upande wa utulivu, Rinko Kawauchi wa Japani ana "Utatane" cha 2001, ambacho jina lake ni usingizi mwepesi: vitu vidogo, mwanga uliofifia, kurasa mbili zinazotazamana na kuulizana. Na Teju Cole, mwandishi na mpiga picha, katika "Blind Spot" cha 2017, ameweka picha na maandishi mafupi yanayokwenda nayo, lakini maandishi mara nyingi hayazungumzii kinachoonekana. Mwaka 2011 alipoteza uoni wa jicho moja kwa muda, na ukijua hilo unaelewa kwa nini picha zake zimejaa mapazia, vioo na vitu vilivyofunikwa.

Usivisome vyote hivi. Kwa hali yako ningeanza na Edwards mwezi wa kwanza, zile sura mbili tu, huku nikipiga picha za matundu na mapengo pekee kwa lenzi moja isiyobadilishwa. Perec achukue jioni moja katikati ya mwezi huo. Mwezi wa pili Tanizaki na DeCarava wafuatane, na upige ndani ya nyumba tu. Mwezi wa tatu Frank, na hapo usipige sana: chukua picha zako 300, zichape ndogo kwenye karatasi ya kawaida, zitandaze sakafuni, ubakishe 12 zinazofuatana kwa sababu unayoweza kuieleza. Szarkowski akae mezani muda wote, ukimfungua popote.

Ukikipata cha Frank kabla ya vingine, anza nacho, usingoje. Ila toleo la Marekani lina utangulizi wa mwandishi Jack Kerouac, nao uuruke mpaka uzimalize picha zote 83. Anaandika kwa mvuto mkubwa, na atakuwahi kuzipa majina.